Kesho Stendi Usinipe Gota

Atupele wangu,

Kamwene, kwa Kihehe chetu. Na kwa Kinyakyusa cha mama yako, ugonile. Nimekusalimia kwa lugha mbili ili usije ukasema baba yako hakusoma.

Leo Jumamosi, saa tisa alasiri. Niko kibandani kwangu Mlandege, nimesukuma cherehani pembeni nikapata meza. Wewe uko Ilula umeenda kumuaga bibi yako, na najua utarudi na nyanya nyingi kuliko nguo ulizonazo. Nilipanga nikae hapa nimalize suruali ya watu. Lakini sasa hivi bibi yako kanipigia. Unamjua anavyoongea na simu, kama anamwita mtu aliye mlima wa pili.

"We baba Atu! Huyu mtoto mbona anasema haendi?"

"Haendi wapi, mama?"

"Mbeya! Anasema chuo ataahirisha mpaka mwakani. Anasema akiondoka wewe utakufa."

"Kasema nitakufa?"

"Hajasema utakufa. Kasema utameza dawa vibaya. Si kulekule?"

Nikakata simu nikacheka. Halafu nikaacha kucheka, nikatoa daftari la vipimo vya wateja, nikaanza kuandika upande wa nyuma. Kwa hiyo ukigeuza karatasi ukakuta "kiuno arobaini na nne", usidhani ni fumbo. Ni mwalimu mmoja wa hapo Kihesa, na aliniomba nisimwambie mtu.

Barua hii nitaiweka juu ya begi lako. Uisome leo leo, kabla hujafungua mdomo kumwambia mama yako ulichomwambia bibi. Humu hamna habari za kula vizuri, kulala mapema na kujihadhari na vijana wa Mbeya wanaovaa miwani ya jua wakati wa mvua. Hayo mama yako keshayapanga. Atayaanza stendi na atayamalizia kwa simu basi likiwa limefika Mafinga. Mimi nakuletea makosa yangu. Ninayo ya kutosha, na bila kujisifu, kwa makosa hapa Iringa hakuna wa kunikuta.

Nianze na mikono, maana ndiyo iliyotufikisha hapa.

Wewe hujawahi kuniona nikidaka. Umezaliwa nikiwa na miaka ishirini, na ulipoanza kutambaa nilikuwa nimeshastaafu kwa amri ya mama yako. Lakini muulize mtu yeyote wa rika langu Kihesa. Mwambie tu, "Sumaku." Atainuka kwenye kiti. Penalti nilikuwa nadaka halafu namuuliza mpigaji, "Nyingine ipo?" Siku moja tumecheza na vijana wa Ilula, kwao, nikadaka kona kwa mkono mmoja, mkono wa pili naendelea kula ndizi. Mama yako anasema si kweli. Mama yako hakuwepo.

Mikono hiyohiyo ndiyo iliyonipa ufundi. Kijana wa kidato cha pili, tena nusu, natunga uzi kwenye sindano huku natazama wapita njia. Wateja walikuwa wanakuja kushangaa tu, hawana hata kitambaa.

Sasa mwaka jana Juni, wewe uko shule, nikaamka asubuhi vidole vimegoma. Sisemi vinauma tu. Vimegoma, kama bawaba iliyoshika kutu. Nakunja ngumi, vinafika katikati vinasimama. Vifundo vimevimba mikono yote miwili, kulia sawasawa na kushoto, utadhani mtu kapima kwa tepu. Ikifika saa nne vinalainika, nashona. Kesho yake vilevile.

Nikamwambia nani? Hakuna. Sumaku aseme vidole vinauma? Si bora nivae gauni.

Tatizo likawa salamu. Unatujua sisi Wahehe, mtu akikusalimia hakuachii. "Kamwene" ya kwanza anaushika mkono, akiuliza watoto anaubana, akiuliza ng'ombe anautikisa, na kama kuna msiba, hata wa mwaka juzi, anausimulia wote na mkono wako umo humohumo. Ni raha kwa mwenye vidole vizima. Kwangu mimi ilikuwa kama kubanwa na mlango wa gari. Ndipo nikabuni gota. Mtu akija na kiganja, mimi nimeshatangulia na nusu ngumi yangu, nagusa kidogo, napita. Ule wakati ambao watu wote tulikatazwa kupeana mikono ulikuwa umeshapita zamani, mimi peke yangu nikaendelea kuutii.

Mtaani wakaanza: "Sumaku siku hizi ana maringo. Anasalimia kama msanii." Unajua nilifurahi? Bora niitwe mwenye maringo kuliko mgonjwa.

Halafu Agosti akaja babu yako wa Tukuyu. Mzee wa kanisa, kofia kichwani, mkungu wa ndizi begani, anashuka kwenye basi ananyoosha mkono. Na mimi nikampa gota. Baba mkwe, Atu! Mzee aliitazama ngumi yangu kama nimemshikia jiwe.

"Mkwe," akasema polepole, "unataka tupigane?"

"Hapana baba. Ni salamu ya kisasa."

Mama yako alitafuta pa kuingia ardhini akakosa. Mzee akasema, "Basi na mimi nitaaga kisasa," akaondoka siku mbili kabla ya siku yake. Ndizi alituachia, kwa ajili ya mwanawe. Mpaka leo hajui kwamba mkwe wake hakuwa na dharau, alikuwa anaumwa tu na ana aibu. Siku ile ningesema, "Baba, mikono inaniuma," mzee angenikalisha chini aniombee. Nikaona bora nimkosee heshima. Mpaka leo nikikumbuka nasikia joto masikioni.

Sasa neno lenyewe. Jirani yangu fundi viatu alikuwa ananiona ninavyopambana na mkasi. Siku moja akasema, "Sumaku, hiyo ni baridi yabisi."

Baridi yabisi! Na mimi niko Iringa, Juni, asubuhi maji ya ndoo yanang'ata meno. Nikasema kumbe, adui ni baridi. Na dawa ya baridi ni joto, nani asiyejua? Lile neno la pili, yabisi, sikuuliza linafanya kazi gani pale. Ndiyo hasara ya kuacha shule katikati: mtu unasoma nusu ya neno unaondoka zako.

Nikaanza matibabu. Jiko la mkaa chini ya cherehani, mpaka nikaunguza pindo la gauni la bi harusi, nikamwambia ndiyo fasheni. Kule ndani nikafukua glovu zangu za kudakia, zile za enzi zangu, nikawa nalala nazo. Mama yako akaniuliza, "Unadaka nini kitandani?"

"Naota fainali," nikamwambia.

"Basi ukifungwa usinipigie kelele," akageukia ukutani.

Nikaona hiyo haitoshi, kwa nini nipambane na baridi wakati naweza kuikimbia? Oktoba nikaenda Ilula kwa bibi yako, kule kuna joto. Wiki mbili nimekaa juani pembeni ya barabara, nimepangwa pamoja na nyanya za bibi yako zinazosubiri abiria wa mabasi. Abiria mmoja akauliza bei yangu. Nikarudi nyumbani nimeiva vizuri, na goti la kushoto nalo limejiunga na vidole. Nikajiambia, basi baridi yenyewe imeingia ndani sana, inahitaji joto zaidi. Unaona baba yako? Jibu likikataa, mimi narudia hesabu ileile kwa sauti kubwa.

Mwaka mzima, Atu. Krismasi ulikuja likizo, nikakuchekesha siku zote ili usitazame mikono. Ukarudi shule hujui.

Ukamaliza kidato cha sita, ukaja Mei. Siku ya tatu tu. Mama yako alikuwa ameshaondoka alfajiri kufuata nyanya zake za kuuza sokoni, mimi namimina chai, nimeibana chupa kwa viganja viwili kama mtoto mchanga. Ukasimama mlangoni.

"Baba, nipe mkono."

"Gota, mwanangu!"

"Nimesema mkono."

Ukauchukua, ukaugeuza, ukaubonyeza taratibu kama mtu anayechagua parachichi sokoni.

"Tangu lini?"

"Jana."

"Baba."

"Juzi, basi."

"Baba!"

"Mwaka jana Juni."

Hukunigombeza. Ungenigombeza ningekujibu, mdomo ninao. Ulikaa chini ukanifunga vifungo vya shati, vyote, mimi fundi wa mashati. Toka siku hiyo mpaka wiki chache zilizopita vifungo vyangu ulikuwa unafunga wewe. Usidhani nimesahau.

Na wewe ndiye uliyenipeleka Mbeya kwenye hospitali kubwa, umenishika mkono wa shati kama mfungwa. Wakachukua damu, wakapiga picha za mikono. Yule daktari mama, mfupi, mpole, akauliza nina nini. Nikataka kumrahisishia kazi.

"Daktari, mimi ni baridi tu. Nimeitibu mwaka mzima, imebaki kidogo."

"Umeitibu na nini?"

Nikamweleza jiko. Nikamweleza glovu. Nikamweleza Ilula. Yeye hakucheka. Aliyecheka ni wewe, nilikuona umejiziba na khanga.

"Baba Atupele," akasema, "wewe umetibu jina. Ugonjwa hujaugusa."

Akasema hata Dar es Salaam, watu wanakojifuta jasho usiku, ugonjwa huu upo. Akasema mwilini kuna askari wa kutulinda, na wangu wamechanganyikiwa, wanavishambulia viungo vyangu wenyewe wakidhani ni adui. Nikafikiri kidogo.

"Yaani mabeki wangu wananifunga mimi mwenyewe?"

"Ndiyo hivyo."

"Magoli ya kujifunga?"

"Na umewaacha wafunge mwaka mzima."

Pale, Atu, ndipo nilipoelewa. Akakishika kidole changu cha kati cha kulia, hiki kilichopinda, akasema hiki hakitanyooka tena, lakini vingine tutavigombania. Angekiona Julai ya mwaka jana, huenda angekiokoa. Mimi Julai ya mwaka jana nilikuwa nimekilaza ndani ya glovu. Nilitoka mle nikakwambia nasikia njaa. Sikuwa na njaa.

Halafu akaja kwenye ulanzi. "Pombe hapana, dawa hii na pombe vinaliumiza ini."

"Daktari, ulanzi si pombe. Ni maji ya mwanzi."

"Yamekaa siku ngapi?"

"Mbili."

"Ni pombe."

"Na ya siku moja?"

Ukanikanyaga mguu, mazungumzo yakaishia hapo.

Na kuhusu dawa yenyewe alisema mara tatu, nilimsikia mara zote tatu: hii ni mara moja kwa wiki. Si kwa siku, kwa wiki. Kile kidonge kingine cha kuisindikiza ni siku nyingine. Na haifanyi kazi haraka, itachukua wiki kadhaa, nisikate tamaa, na damu ipimwe kila ninapoitwa.

Nilimeza Jumamosi. Jumapili nikaamka, nikakunja ngumi, bado. Nikawaza, kipa mzuri hasubiri mpira, anautokea. Nikazimwaga tena kiganjani, dozi nzima, glasi ya maji iko mdomoni. Ukaingia. Sijawahi kusikia sauti ile kwako.

"Baba! Ya wiki hiyo!"

"Nilitaka kuwahi."

"Kuwahi kaburini?"

Ukazichukua zote kiganjani kwangu. Nikajaribu kutania, hukucheka. Baadaye ukakaa na kalenda ya ukutani, ukachora mpira kila Jumamosi mpaka mwisho wa mwaka. Ukasema, "Jumamosi ni mechi. Siku nyingine huingii uwanjani. Umenielewa, Sumaku?" Mara ya kwanza kuniita hivyo. Nikasema nimeelewa.

Najua, mwanangu. Siku ile ndipo ulipoamua huendi. Hukuniambia, lakini toka siku hiyo unavihesabu vidonge nikitoka nje. Nakusikia, kichupa kinalia kama kayamba. Na una haki. Ulichokiona kiganjani kwangu kingemtisha mtu yeyote. Mimi mwenyewe kilinitisha, ila mdomo wangu ulikimbilia utani.

Hapa sasa ndipo ninapotaka unisikilize, maana hili sijamwambia mtu. Hata mama yako atalijua humu humu, maana najua ataisoma barua hii kabla yako.

Unaijua hadithi ya mimi kuacha shule. Nimekusimulia tangu uko chekechea: baba yangu alianguka kutoka juu ya lori la mahindi, akavunjika mguu, na mimi mtoto wa kiume pekee, kidato cha pili, nikaiacha shule nimhudumie mzazi wangu. Watu wakiisikia wanatikisa kichwa. Wewe ukiwa darasa la nne uliiandika kwenye insha, mwalimu akakupa alama nzuri.

Mwanzo wake ni kweli. Mzee alivunjika, na muhula mmoja nilimhudumia, maji, kuni, kumtoa nje juani. Lakini muhula uliofuata alikuwa anatembea na fimbo. Akaniita.

"Kesho urudi shule."

"Na wewe nani atakuchotea maji, baba?"

"Maji nitajua mimi. Wewe nenda shule."

Sikwenda. Wenzangu walikuwa wameshanipita, hesabu walizokuwa wanafanya nilikuwa naona kama kuku amekanyaga wino. Niliogopa kukaa dawati la nyuma nikachekwa, mimi mchekeshaji. Na timu ilinitaka. Sasa kusema "naogopa" ni ngumu. Kusema "baba yangu anaumwa" ni rahisi, na watu wanakupa heshima juu yake. Nikaendelea kumuuguza mtu aliyepona. Asubuhi namchotea ndoo moja, mchana niko uwanjani.

Na hili ndilo linaloniuma kuliko vidole. Mzee alikuwa anasikia. Miaka yote, nikikaa na wageni nikisimulia jinsi nilivyoacha shule kwa ajili yake, yeye yupo palepale. Hakunikanusha hata siku moja. Alikuwa anautazama tu mguu wake, kama na wenyewe unashangaa. Amekufa hivyo. Miaka yote nimemtwisha marehemu mguu uliokwishapona.

Sasa nimesikia na wewe unataka kunitwisha vidole vyangu.

Sisemi unaogopa. Huenda huogopi, huenda ni huruma tupu, wewe una moyo wa mama yako. Ila nimekuona unavyoisoma ile barua ya chuo. Unaisoma, unaikunja, unaikunjua, unaitazama tena kama bili. Na juzi ulimuuliza mama yako kama watoto wa mjini kule Mbeya wanajua Kiingereza sana. Kama kuna woga kidogo umejificha nyuma ya kalenda yangu, uite kwa jina lake. Utatibu woga. Ukiuita "baba mgonjwa," utatibu jina, na mimi nimekwisha kukuonyesha inavyokuwa. Utajikuta juani Ilula na abiria wanauliza bei.

Na kama ni kuniogopea mimi tu, basi nisomee huyu mgonjwa wako vizuri.

Barua hii nani anaiandika? Angalia mwandiko. Ni mbaya, lakini ulikuwa mbaya hata kabla ya ugonjwa, muulize mwalimu wangu yeyote. Hii ni karatasi ya tano. Mwezi wa Mei nisingeweza kuandika jina langu nikafika kwenye "k". Nimepumzika mara tatu, sikufichi, na mara moja nimeuacha mkono juani kidogo. Tabia haiishi.

Wiki ya saba unaikumbuka? Ulitoka kuchota maji ukanikuta nimeinua chupa ya chai juu kama kombe, kifuniko nimekifungua mwenyewe. Ukapiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani kaolewa. Toka pale vifungo ningeweza kufunga mwenyewe. Nilikuacha uendelee wiki moja zaidi kwa sababu nilikuwa napenda. Hilo nalo ni kosa, liongeze kwenye orodha.

Leo ni mechi. Nimemeza baada ya chakula cha mchana, kama ulivyoandika, mama yako shahidi. Ametia alama juu ya mpira na kalamu yake ya sokoni. Yeye kichupa anakijua sasa, na kwa ukali humfikii hata robo.

Ndani ya begi lako, chini kabisa, kuna sare zako mbili za chuo. Ulidhani nimempa fundi mwingine, si ndiyo? Ulikuwa unapita hapa ukinikuta nimekalia kitambaa cheupe, nasema ni shuka la mteja. Ni mimi, kuanzia kukata mpaka pindo. Nilikuwa nashona kuanzia saa nne vidole vikikubali. Kifungo cha tatu kwenye ile ya pili kimekaa upande kidogo. Kilikuwa cha Jumanne, na Jumanne ile ilikuwa mbaya. Usikitoe. Wakikuuliza, sema kilishonwa na kipa.

Maana asubuhi mbaya zipo bado. Sitakudanganya nimepona, daktari alisema hii ni ya kuishi nayo, tunawatuliza mabeki tu, na wakati mwingine watachachamaa. Lakini nakuahidi kitu kimoja. Ukinipigia ukaniuliza, "Baba, tangu lini?" sitaanza na jana. Nitasema mwaka jana Juni papo hapo.

Na wala hatuachani kihivyo. Kliniki yangu iko wapi? Mbeya. Mwisho wa mwezi nakuja kupimwa damu. Sikuletei udaku wala sikuchungi, nakuja kwa daktari wangu, wewe ukiniona barabarani nisalimie tu kama watu wengine. Halafu nitapanda mpaka Tukuyu. Nina mzee wa kanisa ninayemdai mkono. Hapana, yeye ndiye ananidai. Nitamshika mkono nimuulize ng'ombe, migomba na misiba yote, na nitamwambia ukweli. Tuone kama atanikumbatia au atanipa gota. Nikipata ndizi nitakuletea.

Ukisoma hapa, angalia begi. Zipu nimefunga mwenyewe leo kabla sijatoka, ile zipu ngumu ya pembeni inayokushinda hata wewe. Vidole viwili, Atu. Usiifungue kutoa nguo. Fungua ukitaka kuongeza nyanya za bibi.

Basi lako kesho linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Unajua kwamba ndiyo saa mbaya kwangu, vidole vinakuwa bado vimelala. Nimepanga. Nitawahi kuamka, niloweke mikono kwenye maji ya uvuguvugu mpaka vilainike, mama yako keshaniwekea beseni. Tukifika stendi watu watakuwa wengi, makondakta wanapiga kelele, mama yako yuko katikati ya maagizo yake. Wewe utanyoosha ngumi, maana umenizoea.

Usinipe gota. Nipe mkono. Ushike Kihehe, uubane, uniulize na ng'ombe, ingawa hatuna. Nikikunja uso usijali, ni uso tu.

Ila usiachie wewe. Niache mimi nianze kuachia.

Baba yako,
Sumaku
(muulize mtu yeyote Kihesa)